Mshika Tochi

Lloyd wa gereji alikwisha sema: msiiguse.
Kilomita laki mbili na elfu tisini,
oili ile si oili tena, ni gundi,
ndiyo inayozishikilia klachi chakavu zisiachane.
Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.
Mama akamlipa dola ishirini za ushauri,
akavuka barabara hadi kwa mshindani wake
akanunua chujio, gasketi na lita saba.

Jumapili hiyo Thunder Bay ilipata theluji yake ya kwanza,
nyepesi, kama unga uliochekechwa na mtu mwenye haraka.
Buick ilikaa juu ya stendi mbili.
Mama aliisukuma kwa bega, mara mbili.
"Isipoanguka sasa, haitaanguka nikiwa chini."
Akajiingiza uvunguni na koti lake la kuendeshea basi la shule,
RAILI kifuani, kwa uzi wa manjano.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kazi yangu ilikuwa tochi.

"Mulika ninapofanya kazi mimi,
si unapotazama wewe."

Nilikuwa nikitazama uso wake kwa chini,
uso nisioujua, mashavu yamerudi nyuma kuelekea masikio,
msichana fulani aliyeuma meno.

Bolti ishirini. Kila iliyotoka aliipitisha kwangu
nikaipanga kwenye trei ya keki ndogo.
Trei ina vishimo kumi na viwili,
basi vinane vikabeba mbili mbili.
Mbili za mwisho hakuzitoa, alizilegeza tu,
karai la giaboksi likainama upande mmoja, taratibu,
kama mgeni anayetaka kuaga na haagi,
kisha likamwaga vyote kwa mpigo:
nusu ndani ya bakuli letu la lasanya,
nusu ndani ya mkono wa koti, hadi kwapani.
Alitamka neno la Kifini
ambalo bibi alitukataza hata kulifikiria.

Nyeusi. Ilinuka mkate uliosahaulika kwenye tosta.

Ndani ya karai kulikuwa na sumaku, duara, saizi ya biskuti,
imeota manyoya ya kijivu.
Mama alivua glavu akayasugua kwa vidole viwili,
akanipa nami nisugue.
"Laini? Basi huu ni uzee tu.
Kungekuwa na vipande, huo ungekuwa ugonjwa."
Wiki ile bibi alikuwa wodini, ghorofa ya tatu,
na hakuna daktari aliyetueleza vyepesi hivyo.

Oili mpya ni nyekundu. Sikulijua hilo.
Faneli iliteleza, kikombe kizima kikamwagika thelujini,
na hapo hapo akapita Desrosiers na mbwa wake.
Alisimama. Akatazama wekundu, akatazama miguu ya mama
iliyochomoza chini ya gari.
"Raili! Umempigia wapi?"
Sauti ikatoka uvunguni: "Hapa hapa. Dume. Lita saba."
Mbwa alitaka kuhakikisha. Alivutwa.

Kisha injini. Mguu kwenye breki,
mkono ukapitisha gia moja moja, nyuma, huru, mbele,
na kati ya huru na mbele pakawa na sekunde
ambayo Lloyd alikuwa amesimama ndani yake, mikono kifuani.
Sekunde ndefu.
Gari likashtuka kidogo, likajikaza,
kama mtu aliyeitwa jina lake ukumbini.
Mama hakusema kitu. Alifuta kijiti, akakichovya, akakisoma,
akakifuta tena, akakisoma tena.
Nami nilikuwa bado nimewasha tochi,
mchana kweupe, naumulikia mlango wa gereji.

Bakuli la lasanya lilioshwa mara sita likahamia gereji;
miaka yote ile alipokuja mjomba Arvo tulimwambia
ndilo tulilopikia.

Buick ilikufa baada ya baridi mbili, kwa kutu.
Chumvi ya barabarani ilikula sakafu
hadi ungeweza kuiona lami ikipita kati ya viatu vyako.
Giaboksi ilikuwa nzima. Lloyd alikuja kuitaka mwenyewe,
akasema dola mia mbili.
Mama alisema mia mbili na ishirini,
wala hakueleza ishirini ni za nini.